Retina Haiumi: Majibu ya Barua Zenu za Macho

Barua za safari hii karibu zote zinahusu retina, ule utando mwembamba ulioko nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula, na hiyo ndiyo tunayosomea, tunayotungia uzi kwenye sindano na kutambulia sura za watu. Retina haina hisia ya maumivu. Inaweza kuvuja damu, kuchanika, hata kubanduka, na mwenye jicho asisikie chochote. Hapo ndipo wengi wanapochelewa.

Daktari, shikamoo. Nina miaka 52 na kisukari nimekaa nacho mwaka wa tisa sasa. Naona vizuri tu, msahafu nasoma kwa miwani ya kusomea. Kliniki wananihimiza nikapimwe macho kwa matone. Jirani yangu alipigwa leza akarudi analalamika kwamba usiku haoni kama zamani. Kuna haja gani ya kulichokoza jicho lisilo na tatizo? — Mama Z., Tanga

Marahaba, mama. Nenda kapimwe, na usingoje macho yaanze kusumbua. Ugonjwa wa retina unaoletwa na kisukari huanza kutibiwa vizuri pale ambapo mgonjwa bado anaona.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huchosha kuta za mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote. Kwanza kuta hufanya vivimbe kama vichwa vya pini, kisha huanza kuvuja maji na mafuta. Maji yakituama kwenye makula, herufi hufifia na mistari ya daftari huonekana imejikunja. Mishipa mingine huziba kabisa. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya, nayo huota kweli, lakini ni dhaifu na huota pasipofaa. Siku ikipasuka, mtu huona moshi mweusi au utando wa buibui ukishuka mbele ya jicho. Mpaka siku moja kabla ya hapo, mtu huyo huyo angeweza kusoma mstari wa mwisho wa ubao wa herufi. Kwa hiyo kusoma msahafu vizuri si ushahidi kwamba retina ni nzima.

Kipimo chenyewe hakiumizi. Utatiwa matone ya kupanua mboni, yanawasha kidogo, kisha utasubiri dakika 20 hadi 30. Daktari atamulika ndani ya jicho, au utapigwa picha ya retina. Kwa saa nne hadi sita baadaye utaona ukungu na mwanga utakuchoma, kwa hiyo nenda na mtu, beba miwani ya jua, na siku hiyo usiendeshe chombo. Jicho likianza kuuma sana baada ya matone, ukatapika au ukaona duara za rangi kwenye taa, rudi palepale: huenda presha ya jicho imepanda, ingawa hilo hutokea kwa nadra. Usitoke bila kuandikiwa kwenye kadi hatua ya ugonjwa kwa kila jicho na tarehe ya kurudi. Retina ikiwa safi utarudi baada ya mwaka mmoja. Ikiwa na dalili nzito, utaitwa kila baada ya miezi miwili hadi minne.

Sasa kuhusu leza ya jirani yako. Analolalamikia ni la kweli, na alistahili kuambiwa kabla. Leza inayopigwa retina yote ya pembeni huacha alama ndogo kama 1,200 hadi 1,600 kwa jicho moja, mara nyingi kwa kugawanywa siku mbili au tatu. Kila alama inaondoa kipande kidogo cha retina yenye njaa ya oksijeni, ili kisiendelee kuita mishipa mipya. Tunatoa sadaka pembeni ili kuokoa katikati. Ndiyo maana kuona kwa usiku na kwa pembeni hupungua. Leza hairudishi nuru iliyopotea, hulinda iliyobaki. Asiyeambiwa hivi huikimbia baada ya awamu ya kwanza, na leza ya nusu hailindi kama inavyotakiwa.

Kama tatizo ni maji kwenye makula, siku hizi dawa ya kwanza kwa wengi ni sindano ndani ya jicho. Inayotumika sana kwetu ni bevacizumab, miligramu 1.25 katika mililita 0.05, yaani kama tone moja. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Dawa wenzake ni ranibizumab na aflibercept, nazo ni ghali zaidi. Bevacizumab ni nafuu kwa sababu chupa moja ya mililita 4 iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani hugawanywa kwenye sindano nyingi ndogo. Hapo pia ndipo hatari ilipo: ikigawanywa mahali pasipo safi, wagonjwa wa siku moja huweza kupata maambukizi kwa pamoja. Una haki ya kuuliza dawa imegawanywa wapi na lini.

Siku ya sindano jicho hutiwa ganzi ya matone, husafishwa kwa iodini ya asilimia 5, kope hushikwa kwa kifaa kidogo, na sindano nyembamba huingia kwenye weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Huchukua sekunde chache. Iodini ndiyo inayochoma jioni yake, wala si sindano. Doa jekundu kwenye weupe halina neno, huisha kwa wiki mbili hivi. Viputo vyeusi vinavyoelea hutoweka kwa siku moja au mbili. La kuogopa ni jicho linalouma zaidi kila siku badala ya kupungua, likawa jekundu na kuona kukashuka, hasa kati ya siku ya pili na ya tano. Hayo ni maambukizi ya ndani ya jicho mpaka ithibitishwe vingine, na hayangoji asubuhi. Ujue pia kwamba sindano moja haitoshi. Mwanzoni huchomwa kila mwezi, mara tatu mpaka sita, kisha muda hurefushwa kufuatana na picha ya makula.

Mwisho, mama, sukari yenyewe. Lengo la wengi ni HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, karibu na asilimia 7, na presha ya damu isipite 130/80. Lakini kama sukari yako imekuwa juu sana kwa muda mrefu na sasa unaanzishwa insulini, pima retina kwanza. Sukari ikishushwa kwa ghafla, retina iliyokwisha kuumia huweza kuzidi kwa miezi kadhaa kabla haijatulia. Hiyo isiwe sababu ya kukataa insulini, iwe sababu ya kuangaliwa kwa karibu. Binti mwenye kisukari akipata mimba naye apimwe katika miezi mitatu ya kwanza, maana ujauzito huukimbiza ugonjwa huu.

Mimi ni mwalimu, miaka 46, navaa miwani ya kuonea mbali ya minus 8 tangu nikiwa kidato cha pili. Tangu juzi naona mimweko pembeni mwa jicho la kulia, hasa gizani, na vidoa vyeusi vingi vinaelea kama nzi. Hakuna maumivu. Duka la dawa wamenipa matone. Niyamalize kwanza? — Mwalimu, Mombasa

Hapana, mwalimu. Hakuna matone ya dukani yanayofika kwenye retina na kuishona. Tumekujibu kwa simu siku barua ilipofika. Hapa tunaandika kwa ajili ya wengine.

Ndani ya jicho mna ute mzito kama weupe wa yai. Umri unavyosogea ute huo huwa majimaji, kisha hujibandua kutoka kwenye retina. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 50 na 70. Mwenye miwani ya minus kubwa hutangulia. Ute ukiivuta retina, retina haitoi maumivu, hutoa mwanga, maana hiyo ndiyo habari pekee inayojua kuipeleka kwenye ubongo. Ndiyo mimweko unayoiona. Wengi ute hubanduka salama. Lakini kati ya watu kumi wanaokuja na dalili mpya kama zako, karibu mmoja hukutwa retina imechanika. Jicho la minus 8 ni refu kuliko la kawaida, na retina yake imetandazwa ikawa nyembamba, kama chapati iliyosukumwa kupita kiasi. Huchanika upesi.

Tundu likiwa peke yake, kazi ni ndogo. Leza hupigwa kulizunguka, safu mbili au tatu, kwa ganzi ya matone, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo. Kovu hukomaa baada ya siku 10 hadi 14, kwa hiyo katika muda huo hakuna kubeba magunia wala kucheza mpira. Tundu lisipozibwa, maji hupenya chini yake na kuibandua retina kama karatasi ya ukutani iliyolowa. Hapo utaona pazia la kijivu likitokea upande mmoja. Kivuli cha juu maana yake retina imebanduka chini, na cha chini maana yake imebanduka juu, kwa kuwa picha ndani ya jicho imegeuka. Kinachobandukia juu ndicho cha kuharakishwa zaidi, kwa sababu maji hushuka kuelekea kwenye makula.

Jipime hivi. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Mwombe mtu akae mbele yako umbali wa mkono, umtazame puani. Je, masikio yake yote mawili yapo? Kidevu kipo? Ukikuta pembe moja haipo, safari ni leo. Mapokezi usiseme tu “jicho linasumbua,” utapangiwa miadi ya mwezi ujao. Andika kwenye karatasi: “Mimweko mipya, vidoa vimeongezeka ghafla, upande wa jicho umezibwa na kivuli, naomba retina iangaliwe leo.” Makula ikiwa bado imeshika, tunataka upasuaji ndani ya siku moja au karibu na hapo. Ikiwa imeshabanduka, ndani ya wiki. Kila siku inayopita inapunguza kiasi cha kuona kitakachorudi.

Katika upasuaji ute hutolewa, maji hunyonywa, tundu huzibwa kwa leza au kwa kugandishwa, kisha jicho hujazwa gesi ya kuikandamiza retina. Wengine hushonewa mkanda wa silikoni nje ya jicho. Gesi hupanda juu kama kiputo kwenye pima maji, kwa hiyo utaambiwa ulale au uinamishe kichwa kwa namna fulani, saa nyingi za mchana na usiku, kwa siku kadhaa. Mtu akiuchukulia mlalo huo kwa mzaha, upasuaji mzuri huharibika. Kiputo kinavyopungua utaona mstari unaocheza kama maji ndani ya chupa, ukishuka kidogo kila siku. Gesi ya SF6 huisha kwa wiki mbili au tatu hivi. Ile ya C3F8 huchukua kama miezi miwili.

Na hili mwalimu, kwa mtu wa pwani, ni la kushika sana. Gesi ikiwa jichoni, kupanda ndege ni marufuku, kwa kuwa hewa ikipungua kanieneo gesi hutanuka na presha ya jicho hupanda mpaka damu isifike kwenye retina. Watu wengi wanalijua la ndege. Wanalosahau ni mlima. Ukifanyiwa upasuaji Mombasa kisha ukapanda treni au basi kwenda Nairobi, umepanda kama mita 1,700. Kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha ni kama mita 1,400. Jicho likianza kuuma njiani na kuona kukazima, gesi imetanuka. Kaa usawa wa bahari mpaka daktari athibitishe kiputo kimeisha. Mkononi vaa kamba yenye maandishi kwamba una gesi, kwa sababu ukipata ajali na kulazwa kwa nitrasi oksidi, gesi ile ya usingizi, kiputo huvimba vilevile.

Kwa wale ambao vidoa vyao ni viwili vitatu vya miaka mingi, havijaongezeka na hakuna mimweko: hivyo ni vivuli vya ute, havina madhara. Pimeni mara moja mjiridhishe.

Nimempiga mwanangu picha kwa flashi ya simu. Jicho moja limetoka na mboni nyekundu, lingine nyeupe kama la paka. Ana mwaka mmoja na nusu, anacheza, hana homa. Bibi yake anasema ni mtoto wa jicho, tusubiri akue. — Mama mzazi, Mwanza

Dada, pole kwa hofu uliyo nayo, na tunakuomba usisubiri akue. Mboni nyeupe kwa mtoto mdogo ni dharura mpaka ijulikane ni nini. Bibi anaweza kuwa sahihi, mtoto wa jicho huzaliwa nalo pia, na hata hilo halingoji. Wakati mwingine mwanga umegonga tu mshipa wa fahamu kwa sababu mtoto alitazama pembeni. Lakini mboni nyeupe huweza kuwa retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata watoto, wengi wao kabla ya miaka mitano. Kengeza lililoanza ghafla ni dalili yake ya pili.

Usiifute picha hiyo, nenda nayo. Kwenye kituo cha afya mhudumu atazima taa na kummulika mtoto macho yote mawili kwa kifaa maalumu. Macho yote yanapaswa kung’aa nyekundu sawasawa. Jicho lisipong’aa hivyo, apewe rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali kubwa. Kwako Mwanza ni Bugando. Kwingine nchini zipo KCMC na Muhimbili, na kwa wasomaji wa Kenya, Kenyatta. Huko atalazwa usingizi na mboni kupanuliwa ili retina yote ionekane. Usikubali mtu amchome sindano ndani ya jicho “kuchukua kipimo,” kwani tundu hilo huweza kutoa seli za saratani nje.

Uvimbe mdogo hutibiwa kwa dawa za saratani pamoja na leza au kugandishwa. Uvimbe uliojaza jicho hutibiwa kwa kulitoa jicho. Tunajua sentensi hiyo inavyomkata mzazi. Wengi huondoka hospitalini wakiisikia, huzunguka kwa waganga miezi mitatu minne, na kurudi jicho limetokeza nje. Dada, saratani ikiwa bado iko ndani ya jicho moja, kulitoa huponya watoto zaidi ya tisa kati ya kumi. Ikishatoka kwenye jicho hesabu hiyo haipo tena. Baada ya wiki sita hivi mtoto huwekewa jicho la bandia, na hukua, husoma na kucheza kwa lile lililobaki. Ndugu zake nao wapimwe, kwa kuwa sehemu ya watoto hawa wameirithi.

Nina miaka 67 na presha ya damu. Wiki iliyopita niliamka jicho la kushoto likiwa na ukungu mzito. Halijarudi. Hospitali wamesema mshipa umeziba. Nitapona? — Mzee K., Unguja

Shikamoo mzee wetu. Inavyoelekea ni mshipa unaotoa damu kwenye retina, siyo ule unaoingiza. Ungekuwa ule wa kuingiza, jicho lingezima kabisa ndani ya dakika chache, na hicho ni kiharusi cha jicho: mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja kama mwenye kiharusi cha ubongo. Wako huleta damu na maji kwenye makula. Sindano tulizomweleza Mama Z. husaidia wengi, hasa zikianza mapema, ingawa si kila mtu hurudi kuona kama mwanzo.

Cha kuangalia ni miezi mitatu ijayo. Jicho lililokosa damu huweza kuotesha mishipa kwenye duara la rangi linalozunguka mboni, ikaziba njia ya maji, na presha ya jicho kupanda kwa maumivu makali. Kwa hiyo nenda kila mwezi hata kama huoni mabadiliko. Wapime sukari, mafuta ya damu, na presha ya macho yote mawili, kwa sababu presha ya jicho ni moja ya visababishi. Dawa za presha ya damu usizikatishe hata siku moja.

Nina lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, natumia hydroxychloroquine ya miligramu 200 mara mbili kwa siku. Nina kilo 60. Nimesoma inapofusha. — Dada N., Nairobi

Usiiache mwenyewe, lupasi ikiamka huweza kuharibu figo. Fanya hesabu: kiwango salama hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Kwako ni 300, na unatumia 400. Mwambie daktari wako. Mara nyingi hupangwa vidonge viwili leo, kimoja kesho. Retina ipimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, na mapema zaidi kama figo zina shida. Kipimo kiwe picha ya tabaka za retina pamoja na kipimo cha uwanja wa kuona. Kumulika peke yake huonyesha madhara yakiwa yamekwisha kukaa, nayo hayarudi nyuma.

Mjukuu wangu alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,300, akawekewa oksijeni. Sasa ana wiki sita, ananyonya vizuri. Ana haja ya kupimwa macho? — Bibi, Dodoma

Anayo, bibi, na tayari amechelewa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500 hupimwa retina akiwa na wiki nne tangu kuzaliwa, kwa sababu mishipa ya retina yake haijamaliza kuota, na oksijeni iliyozidi huipoteza njia. Ikifika hatua ya kutibiwa, leza au sindano hutolewa ndani ya siku mbili tatu; wiki moja huweza kuwa nyingi mno. Mpelekeni kesho asubuhi na kadi ya wodi iliyoandikwa uzito, wiki za mimba na siku alizokaa kwenye oksijeni. Mama yake asimnyonyeshe katika saa moja kabla ya kipimo ili asitapike, na hata mkiambiwa retina ni safi, msiondoke bila tarehe ya kipimo kinachofuata, kwa kuwa kimoja hakitoshi mpaka mishipa ifike ukingoni.